Harufu ya Kiberiti ya Burton

Kwa Kiswahili kiberiti ni vitu viwili. Ni njiti tunayowashia jiko, na ni salfa yenyewe, ule unga wa manjano ambao wazee waliupaka kwenye upele na ambao Biblia inausimulia ukinyesha pamoja na moto juu ya Sodoma. Kwa hiyo Mswahili anaweza kuieleza bia ya Burton-on-Trent kwa maneno mawili tu: inanuka kiberiti. Burton ni mji wa wastani katika Staffordshire, katikati ya Uingereza. Ukimiminiwa bia yake ya asili kutoka kwenye pipa, kinachofika puani kwanza ni njiti iliyowashwa sasa hivi, na nyuma yake, kwa mbali, yai lililochemshwa kupita kiasi. Kabla hujaamua kama umenusa kweli au umedhani, harufu imeshatoweka, na nafasi yake imechukuliwa na kimea na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu. Wenyeji wameipa jina la kunyakua, kwa kuwa huja na kuondoka kama mwewe juu ya vifaranga. Wanaosomea upishi wa bia hufundishwa kwamba harufu hiyo ni kasoro, nao huonyeshwa namna ya kuiondoa. Burton iliishi nayo na kutajirika nayo, na wanywaji wake wakaizoea hadi wakaichukua kuwa uthibitisho kwamba bia ni ya kweli. Ninashikilia kwamba salfa ndani ya bia haina hukumu yake yenyewe. Harufu ileile huwa aibu mahali pamoja na sifa mahali pengine, na kinachoamua ni historia ya mahali hapo: udongo wake, chachu yake, na pua zilizolelewa pale.

Tuanze na udongo. Jina la mji lina mto Trent ndani yake, lakini wapika bia wa Burton hawakutumia maji ya mto. Walichimba visima, na visima vile hupokea maji yaliyopita kwenye tabaka za jasi, yaani salfeti ya kalsiamu. Jasi hiyo ikiwa safi na laini huitwa alabasta, na mafundi wa sehemu hizo za Uingereza waliichonga kuwa sanamu za watakatifu na makaburi ya mabwana karne nyingi kabla bia haijaupa mji jina. Maji ya visima hubeba salfeti zaidi ya miligramu 600 katika kila lita. Maji ya Plzeň kule Bohemia, nyumbani kwa bia ya pilsna, hayafikishi hata 10. Abasia ya Burton ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 11, na watawa wake walipika bia kwa maji hayohayo. Karne zikapita, bia ikabaki ya mtaani. Mwaka 1699 Bunge lilipitisha sheria ya kuufanya mto Trent upitike kwa vyombo hadi Burton, na baada ya hapo mapipa yalishuka hadi Hull na kuvuka bahari kwenda Danzig, Riga na St Petersburg. Warusi waliipenda sana bia hiyo, lakini ilikuwa ya kahawia, nzito na tamu, tofauti kabisa na ile ambayo dunia ingeihusisha na Burton baadaye.

Hapo ndipo penye pingamizi zito la kwanza. Kama maji ni yaleyale tangu enzi za watawa, mtu wa biashara atauliza, kwa nini sifa ilikuja karne ya 19? Atasema jibu liko kwenye mito, mifereji, ushuru na vita. Ana ushahidi mzuri. Napoleon alipofunga bandari za Ulaya kwa bidhaa za Waingereza kuanzia 1806, soko la Baltiki lilianguka, na mwaka 1822 Urusi ikapandisha ushuru hadi biashara ile ikakosa maana. Wakati huohuo soko la bia nyeupe yenye hopsi nyingi huko India lilikuwa mikononi mwa kiwanda cha Hodgson cha Bow, mashariki mwa London, karibu na zilikotia nanga meli za Kampuni ya Uhindi ya Mashariki. Hodgson wakaanza kubana mikopo na kupandisha bei, wakawaudhi wafanyabiashara. Inasimuliwa kwamba Campbell Marjoribanks, mkurugenzi wa Kampuni hiyo, alimwalika Samuel Allsopp wa Burton chakulani mwaka 1822, akamshauri aiache Urusi aitazame India, na kwamba mpika bia wa Allsopp, Job Goodhead, aliijaribu bia hiyo mpya kwa mara ya kwanza ndani ya birika la chai. Kisa hicho kilichapishwa miaka 30 baadaye katika kitabu cha kuisifu bia ya Burton, kwa hiyo birika nawaachia wanaolipenda. La msingi ni kwamba Allsopp, na baada yake Bass na wengine, waliingia India kwa sababu mlango mmoja ulifungwa na mwingine ukaachwa wazi.

Hayo yote nayakubali, lakini biashara inaeleza tu kwa nini Burton ilijaribu. Swali la kwa nini ilishinda linabaki. Maji yenye jasi hufanya kazi tatu au nne kwa mpigo: kalsiamu huongeza uasidi wa uji wa kimea kwa kiasi kinachofaa, rangi hutoka nyepesi, chachu hutuama vizuri na kuiacha bia iking'aa, na salfeti huufanya uchungu wa hopsi uwe mkavu na safi, usiokwama ulimini. Kwa bia tamu ya kahawia sifa hizo hazikuwa na thamani kubwa, ila kwa bia nyeupe iliyojaa hopsi zilikuwa ndizo zinazotafutwa. Maji ya London, yenye kabonati nyingi, yalifaa bia nyeusi na kuukwaruza uchungu wa bia nyeupe. Mwaka 1845 ushuru wa kioo ulipofutwa, glasi zikaanza kushuka bei, na mnywaji aliyezoea kikombe cha bati akawa anaona anachokunywa. Jasi ilikuwa imesubiri chini ya Burton muda wote, ila bia ya kuitumia ndiyo iliyochelewa.

Kuna wakati jasi hiyo ilikuwa mashtaka. Mwaka 1830 chapisho moja la elimu kwa umma liliwatuhumu wapika bia wa Burton kwamba wanatia jasi na vitu vingine ndani ya bia. Walikwenda mahakamani, na wakemia wakaonyesha kwamba jasi haikutiwa na mtu, ilikuwa inapanda na ndoo kutoka kisimani. Tuhuma ikageuka kuwa tangazo ambalo hakuna tajiri angeweza kulinunua. Mwaka 1852 ikaja nyingine kutoka Paris, ya kwamba uchungu wa bia ile unatokana na sumu ya strikinini. Allsopp akawaajiri Thomas Graham na A. W. Hofmann, wakemia wawili wa daraja la juu, nao hawakukuta chochote. Wazalishaji wa Burton walijifunza mapema kwamba kitu cha ajabu ndani ya bia yako si lazima kikuangushe, mradi uweze kuthibitisha kwamba kimetoka nyumbani kwako.

Ushahidi ulio mzito kuliko kesi zile ni miguu ya washindani. Reli ilifika Burton mwaka 1839, na tangu hapo ingetosha kwa mpika bia wa London kubaki London na kununua chochote alichohitaji. Chochote isipokuwa maji. Ind Coope walikuja kujenga Burton mwaka 1856, Charrington 1872, Truman 1873, na Mann, Crossman & Paulin 1875. Hawa walikuwa matajiri wenye viwanda vikubwa katikati ya soko kubwa kuliko yote duniani, na bado waliona ni heri kupika kilomita 200 kutoka kwa wanywaji wao kuliko kupika bia nyeupe kwa maji ya nyumbani. Kituo cha reli cha St Pancras, kilichofunguliwa London mwaka 1868, kilijengwa juu ya ghala la bia ya Burton, na nguzo za ghala hilo zilipangwa kwa kipimo cha mapipa ya bia. Mwishoni mwa miaka ya 1870 Bass peke yao walikuwa wanatoa karibu mapipa milioni moja kwa mwaka. Kama ingekuwa habari ya mfereji na reli tu, mji wowote wenye stesheni ungetosha.

Sasa harufu yenyewe inaingiaje? Chachu ni kiumbe hai, na kama kiumbe chochote inahitaji salfa ya kujengea protini zake. Huipata kwenye maji na kimea ikiwa katika umbo la salfeti. Huivuta ndani ya seli, kisha hutumia nguvu kuivua oksijeni hatua kwa hatua. Kwanza hutokea salfaiti, ambayo ikitoka nje ikiwa gesi ya dioksidi ya salfa hunuka njiti iliyowashwa. Kisha hutokea salfaidi, ambayo ikitoka hunuka yai viza. Salfaidi hiyo inatakiwa idakwe haraka na kiunzi cha asidi amino, ili itengenezwe sisteini au methionini, na kiunzi hicho hakipatikani bila naitrojeni. Chachu ikishiba naitrojeni, mambo huenda. Ikipungukiwa, salfaidi hubaki bila mdaka na kuvuja nje, na pua ya binadamu huitambua hata ikiwa mikrogramu chache tu katika lita nzima. Sehemu kubwa husombwa na mapovu wakati bia inachachuka. Mabaki ndiyo yale yanayomnyakua mnywaji pale glasi inapojaa. Kuna jaribio la zamani la kuyatambua: unadondosha sarafu safi ya shaba ndani ya glasi, unaitikisa, unanusa tena. Shaba huikamata salfaidi na kuifanya chembe nyeusi zisizonuka. Harufu ikiisha, umempata mhusika. Waingereza walichemshia bia katika masufuria ya shaba tupu, hadi sufuria lenyewe wakaliita kwa jina la shaba, na viwanda vilipohamia kwenye chuma kisichoshika kutu baadhi vilishangaa kuona salfa imeongezeka, vikarudisha vipande vya shaba ndani ya mitambo.

Lakini hapa anasimama mpinzani wa pili, na huyu ni mkemia. Anasema kimea pekee huleta salfeti ya kutosha kwa chachu, hata maji yakiwa ya mvua. Anaongeza kwamba hopsi za Kent zilikaushwa juu ya moto wenye kiberiti ili zipate rangi nzuri, na mapipa yalifukizwa kwa kiberiti kuua vijidudu, kwa hiyo salfa ilikuwa kila kiwanda cha Uingereza. Tena tangu C. W. Vincent alipoeleza mwaka 1878 kwamba siri ya Burton ni salfeti ya kalsiamu, mpika bia yeyote duniani amekuwa akinunua jasi kwa gunia na kuimimina kwenye maji yake, na bia nyingi zinazopikwa hivyo hazinuki njiti hata kidogo. Mkemia huyu ana haki kabisa, na ndiye aliyenifanya niache kuamini kwamba Burton ni maji tu. Maji hufungua mlango, na chachu huamua kama harufu itapita. Chachu ya Burton ilikuwa na malezi yake. Mwaka 1838 Peter Walker alisajili hataza ya mpangilio wa mapipa ya mwaloni, kila moja likimeza zaidi ya lita 600, yaliyolazwa kwa safu na kuunganishwa kwa mabomba. Juu ya kila pipa husimama bomba lililopinda kama shingo ya bata maji, na juu yao wote kuna mfereji mrefu ulio wazi. Bia inapochachuka, povu hupanda shingoni na kudondokea mferejini. Chachu hubaki humo kama uji mzito, na bia iliyochujika hurudi chini mapipani. Chachu inayovunwa ndiyo inayopandwa kwenye bia inayofuata. Baada ya miongo kadhaa ya kufanya hivyo, mji ulikuwa umejichagulia chachu inayopanda kwa nguvu na kuiacha bia safi, na ambayo kiberiti chake kidogo hakikuhesabiwa dhambi.

Wala wasiseme watu kwamba harufu iliachwa kwa kukosa ujuzi. Burton ya wakati wa Malkia Victoria ilikuwa na wakemia ambao vyuo vikuu vingewaonea wivu. Peter Griess, mgunduzi wa misombo ya diazo ambayo tasnia ya rangi za nguo ilijengeka juu yake, alifanya kazi kwa Allsopp tangu 1862 hadi alipofariki 1888. Horace Brown alikuwa kiwanda cha Worthington, Cornelius O'Sullivan alikuwa Bass. Walikuwa wakichunguza wanga na vijidudu kwa umakini wa ajabu. Naona vigumu kuamini kwamba wanywaji wangelalamikia njiti na watu hawa wakakosa la kufanya. Maelezo mepesi ni kwamba hapakuwa na malalamiko ya kuwakosesha usingizi.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Bia iliyokwenda India ilikaa baharini miezi kadhaa, ikivuka ikweta mara mbili ndani ya mapipa yaliyokuwa yakitikiswa usiku na mchana. Harufu inayotoweka ndani ya dakika moja ya glasi isingefika Calcutta. Kwa hiyo sifa ya Burton ng'ambo haikujengwa na harufu, na anayesema imejengwa hivyo anasimulia hadithi. Nakubali bila kinyongo. Mpangilio wa mambo ulikuwa hivi: ung'avu na uchungu mkavu vilileta jina, jina likaleta waigaji, na waigaji wakaifanya asili ya bia kuwa kitu cha kulindwa. Tarehe 1 Januari 1876, siku ya kwanza ya sheria mpya ya usajili, pembetatu nyekundu ya Bass ikawa alama ya biashara ya kwanza kuandikishwa Uingereza. Édouard Manet aliiweka kwenye chupa za mchoro wake wa baa ya Folies-Bergère mwaka 1882, na mtazamaji wa Paris hakuhitaji kuelezwa ni bia gani. Mnywaji wa chupa nchi za nje alikuwa na karatasi ya kumthibitishia asili. Mnywaji wa nyumbani, anayechotewa kutoka kwenye pipa lisilo na lebo mbele yake, alikuwa na pua. Ile harufu ya sekunde chache ilimwambia kwamba bia ni changa, ni ya pipa, na imetoka Burton. Haikuhitaji kupendeza ili ifanye kazi hiyo, kama vile muhuri hauhitaji kuwa mchoro mzuri.

Atakayeona haya kuwa utetezi wa kitu kibaya kwa kisingizio cha desturi, na awatazame wapika bia wa lager. Chachu yao ya baridi hutoa salfa kwa wingi kuliko ya Burton, na wao huilaza bia wiki kadhaa penye ubaridi ili harufu ya yai iondoke. Lakini kuna salfa nyingine wanayoivumilia: dimethili salfaidi, inayozaliwa pale kimea cheupe, kilichokaushwa kwa moto mdogo, kinapopashwa. Inanuka maji ya mahindi ya kuchemsha, harufu ambayo kila mtu wa kwetu ameipita barabarani jioni. Katika bia nyingi za lager kiasi chake huchukuliwa kuwa sehemu ya ladha. Katika bia ya Kiingereza, ambayo kimea chake hukaushwa kwa moto mkali hadi chanzo cha harufu hiyo kikaungua, ingeonekana kosa la mpishi. Kila upande umeifukuza salfa ya jirani na kuikaribisha ya kwake. Watu wa Unguja hawatashangaa. Duriani, ambalo harufu yake nayo ni kazi ya misombo ya salfa, huwafanya wageni wazibe pua na wenyeji wahesabu miezi hadi msimu. Hata hopsi mpya zinazosifiwa siku hizi kwa kunukia pasheni na mapera zinategemea thioli, ukoo uleule wenye salfa, na thioli zikizidi baadhi ya wanywaji husema wananusa mkojo wa paka. Watafiti wa Japani waliona kwamba mojawapo ya thioli hizo ilikuwa adimu katika hopsi za Ulaya, ambako wakulima walinyunyizia dawa ya ukungu yenye shaba. Ni sarafu ileile ndani ya glasi, safari hii ikidondoshwa shambani.

Gunia la jasi liliimaliza nguvu ya Burton polepole. Maji yalipokuwa yanaweza kuigwa popote, matajiri wa London hawakuwa na sababu ya kukaa mbali na nyumbani, na mmoja baada ya mwingine wakaondoka. Kiwanda cha Albion, alichokijenga Mann mwaka 1875 kwa kufuata maji, kilichukuliwa na kampuni ya bia ya Marston's mwaka 1898. Humo ndimo mapipa ya mtindo wa Walker yalipodumu kuliko kwingine mjini, yakipandisha povu kwenye mfereji wake hadi mwaka 2024, Carlsberg Marston's, wamiliki wake wa wakati huo, walipotangaza kuyastaafisha kwa sababu ya gharama na upungufu wa mauzo ya bia ya pipa. Seti moja iliokolewa na kupelekwa kiwanda cha Thornbridge huko Derbyshire, ambako wameanza kuipikia bia. Mwaloni umehama, na shingo za bata zimefungwa upya juu ya mapipa. Visima na jasi yake vimebaki Burton.